Njia Panda au Bariere? Haki za Mgonjwa na Mzigo wa Munganga Hapa Goma

Asubuhi moja, kwenye benchi la wodi ya wazazi hapa Goma, nilisikia ubishi ambao haujanitoka kichwani. Mama mmoja alitakiwa kupasuliwa haraka. Mume wake alikuwa Walikale, machimboni, na simu yake haipiti. Mama mkwe ameshikilia neno moja: "Tumungojee bwana yake, ni ye anasainiaka." Mdogo wa mgonjwa naye analia: "Dada iko anasikia, iko anasema, mbona hamumuulize ye mwenyewe?" Katikati yao kasimama muuguzi na karatasi mkononi, haelewi ampe nani.

Benchi zima likawa bunge. Mmoja akasema sheria inamtaka mume. Mwingine akasema hapana, inamtaka munganga mwenyewe, yaani daktari, maana yeye ndiye aliyesoma. Wa tatu akasema mwenye kulipa faktire, yaani bili ya hospitali, ndiye mwenye kusaini. Hatimaye munganga akatoka, akawapita wote, akaenda kuinama kando ya kitanda. Wakaongea dakika chache. Mama akasaini mwenyewe, akasukumwa kwenda chumba cha upasuaji.

Ubishi wa benchini haukuisha kwa hilo. Na nimegundua kwamba unazuka kila mahali: ndani ya basi la Sake, kwenye foleni ya maji Kituku, msibani. Kwa nini munganga hakutuambia? Kwa nini alimwambia yule? Kwa nini walimzuia? Basi niufungue uzi huu taratibu, maana ndani yake yamefungwa mambo mengi yasiyofanana.

Tuanze na maneno. Haki za mgonjwa ni yale ambayo mtu haachi getini anapoingia hospitali: kutibiwa bila kubaguliwa, kuelezwa ugonjwa wake kwa lugha anayoisikia, kukubali au kukataa matibabu, kutunziwa siri, kuheshimiwa mwili wake. Chama cha Madaktari Duniani kiliziandika Lisbon mwaka 1981. Kwetu Kongo, kifungu cha 47 cha Katiba ya 2006 kinalinda haki ya afya, na tangu 13 Desemba 2018 tuna sheria namba 18/035 iliyoweka misingi ya afya ya umma. Kwa hiyo anayekwambia haki za mgonjwa ni mambo ya wazungu, mwambie zimechapishwa Kinshasa.

Neno la pili ni njia panda ya maadili. Hapo ndipo watu wanapopotea. Si kila shida ya hospitali ni njia panda. Kijana wa moto, yaani wa pikipiki, akifika mzunguko wa barabara wa rond-point Signers, kila barabara iliyo mbele yake ni barabara kweli na kila moja inafika mahali. Lazima achague, na akichagua moja ameiacha nyingine. Hiyo ndiyo njia panda. Lakini akikuta kamba imefungwa katikati ya njia na mtu amekaa kando anangoja elfu moja, hiyo ni bariere. Njia anaijua vizuri sana, ila amezuiwa.

Mambo mengi tunayoyaita "mitihani ya madaktari" ni bariere tu: mazoea, uoga, pesa. Njia panda za kweli zipo, na ni nzito, lakini ni chache kuliko tunavyosema. Ukichanganya hizo mbili, utamsamehe munganga pale alipopaswa kulaumiwa na utamlaumu pale alipostahili pole.

Karatasi ya saini

Nirudi kwa yule mama. Je, ile ilikuwa njia panda? Hapana. Mtu mzima mwenye akili timamu, anayesikia na kuelewa, ndiye anayeamua juu ya mwili wake. Mume anaweza kushauri, kuomba, kulia, hata kununa. Uamuzi si wake.

Imani ya kwamba mke hana saini ina mizizi. Sheria ya Familia ya 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume kwa matendo yake ya kisheria. Ruhusa hiyo iliondolewa na sheria namba 16/008 ya 15 Julai 2016. Mume bado ametajwa humo kuwa kichwa cha nyumba, lakini kichwa cha nyumba si mwenye tumbo la mkewe. Sheria imebadilika, mazoea ya wodini yamebaki nyuma, na wauguzi wengi wanaogopa zaidi hasira ya mume atakayerudi kesho kuliko kifungu chochote cha sheria. Uoga huo naufahamu. Ila tuuite kwa jina lake: ni bariere.

Na kama mgonjwa hana fahamu, anavuja damu, hakuna ndugu karibu? Munganga anatenda. Kuokoa uhai hakungojei saini. Akizinduka ataelezwa kilichofanyika na sababu yake.

Kuna kosa jingine la karatasi hii, na hilo linafanywa pande zote. Tunadhani saini ndiyo ridhaa. Ridhaa ni mazungumzo: nini kitafanyika, kwa nini, hatari zake ni zipi, kuna njia nyingine gani, ukikataa itakuwaje. Saini ni ushahidi tu kwamba mazungumzo hayo yalikuwepo. Mtu anayewekewa karatasi ya Kifaransa mbele ya uso wakati uchungu umemshika, akaambiwa "saini hapa", ni kama mtu anayebonyeza namba ya siri ya Airtel Money bila kusoma pesa inaenda kwa nani. Pesa imeondoka, ndiyo. Kukubali hajakubali.

Fundi anayejenga nyumba ya mbao juu ya mawe ya volkano analijua hili bila kusoma udaktari. Akiona nguzo imeoza, haing'oi kimya kimya kwa sababu yeye ndiye fundi. Anakuita, anakuonyesha kwa kidole, anakwambia ikibaki nyumba italala upande huu. Ukisema iache, ataiacha, japo anatikisa kichwa. Nyumba ni yako.

Hapo hasa ndipo inapoanza njia panda ya kwanza ya kweli. Shahidi wa Yehova mtu mzima anasema: nipasueni, lakini damu ya mtu mwingine msinitie. Munganga anaijua hatari, mfuko wa damu uko kwenye friji mita kumi kutoka pale, na mgonjwa anakataa akiwa na akili zake zote. Heshima inamwambia amsikilize. Huruma inamwambia amtie. Maadili ya kazi yanasema mtu mzima asikilizwe, na munganga atafute kila njia nyingine. Mgonjwa akiwa mtoto, hesabu inageuka: imani ya mzazi haitoshi kuamua kifo cha mwanawe. Wauguzi waliopitia usiku wa namna hiyo hawapendi kuusimulia, na mimi siwalazimishi.

Siri

Hapa kwetu ugonjwa ni mali ya familia. Ukilazwa, watu saba wanakuja na sufuria, mmoja analala chini ya kitanda chako kama gardimaladi, wote wanataka kujua. Ni jambo jema, kwa kweli. Bila gardimaladi wodi nyingi za mji huu zingesimama. Lakini munganga ameapa siri, na siri hiyo si kati yake na familia. Ni kati yake na mgonjwa. Kifungu cha 73 cha sheria ya jinai ya Kongo kinampa adhabu mtu anayetoa siri aliyokabidhiwa kwa sababu ya kazi yake. Mama wa mgonjwa mtu mzima, kisheria, ni mtu wa nje. Najua linauma.

Sasa tuseme bwana mmoja wa Majengo amepimwa, ana virusi vya Ukimwi. Munganga anamwambia: mlete mke wako tumpime. Bwana anasema: hapana, na wewe usithubutu kumwambia. Wiki inayofuata mkewe anakuja kliniki hiyohiyo na mtoto mwenye homa, anakaa kwenye kiti kilekile, na anacheka vizuri na munganga.

Hii ndiyo njia panda yenyewe. Upande mmoja, bwana ana haki ya siri, na sheria namba 08/011 ya 14 Julai 2008 iliwekwa kuwalinda watu wanaoishi na virusi. Siri yake ikitoka, wengine kumi wataogopa kupimwa, na ugonjwa utatembea gizani. Upande wa pili, mke ana haki ya uhai, na hakuna aliyemuuliza.

Benchini watu hutoa jibu rahisi: "Amwambie mke, basi!" Au lingine, rahisi vilevile: "Siri ni siri." Munganga mwenye busara hakimbilii lolote kati ya hayo. Anampa bwana muda, lakini muda wenye mwisho. Anajitolea kuwepo siku ya kusema, maana wanaume wengi hawakatai kusema kwa ubaya. Wanakosa mdomo wa kuanzia. Anapendekeza wapimwe wawili pamoja kama watu wanaoanza upya. Na anamweleza jambo ambalo wengi mjini hawajalisikia: anayemeza dawa kila siku hadi virusi vikashuka visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Habari hiyo peke yake imelegeza ndimi nyingi. Sisemi inaumaliza mtihani. Kuna mabwana watakaokataa hadi mwisho, na hapo munganga atabeba kitu nyumbani kwake kila jioni.

Kuna magonjwa ambayo siri yake ina mlango wa nyuma unaokubaliwa na sheria: kipindupindu, Ebola, mpox. Haya lazima yatangazwe kwa zone de santé, yaani ofisi ya afya ya eneo, ili wahusika wafuatwe. Tarehe 14 Julai 2019 mgonjwa wa kwanza wa Ebola alithibitishwa hapa Goma, msafiri aliyetoka Butembo kwa basi. Kuwatafuta waliokaa naye ndani ya basi haikuwa kuvunja siri yake, kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kuwaokoa. Lakini tofauti ni hii: timu ya afya ijue, mtaa hauna haja ya kujua. Mlango wa nyuma ni wa kupita mtu mmoja mwenye kazi, siyo wa kupitishia maandamano. Picha za wagonjwa zikianza kuzunguka kwenye WhatsApp, hiyo si kinga ya umma tena.

"Wanatufanyia majaribio"

Maneno haya niliyasikia mara nyingi wakati ule wa Ebola kiasi kwamba sitaki kuyapita haraka. Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri ilitangazwa 1 Agosti 2018 na ikaisha 25 Juni 2020. Iliua zaidi ya watu 2,200. Ndani ya vita, ndani ya uvumi, ndani ya hasira ya watu walioona dunia nzima inakuja kwa ajili ya Ebola wakati malaria na risasi zilikuwa zinawamaliza miaka yote bila mgeni kushuka kwenye ndege.

Basi, je, tulifanyiwa majaribio? Jibu la ukweli ni ndiyo. Kuanzia Novemba 2018 dawa nne zililinganishwa kwenye vituo vya matibabu vya kule Beni na Butembo. Hapakuwa na dawa iliyokwisha kuthibitishwa kutibu Ebola, na hakuna namna ya kujua dawa ipi inaponyesha bila kuwapa wagonjwa na kuhesabu. Wanaosema "hapakuwa na jaribio lolote" wanawadharau watu. Wanaosema "kwa hiyo tulikuwa panya" wanaruka kitu kingine.

Panya haulizwi. Dunia imewahi kuwatendea watu kama panya: Tuskegee, Marekani, tangu 1932 hadi 1972 wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba ili ugonjwa uangaliwe unavyoenda, hata baada ya penisilini kupatikana, na hakuna aliyewaambia. Ni kwa sababu ya aibu za namna hiyo kwamba leo utafiti unataka kamati ya maadili, ridhaa, na haki ya kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu. Jaribio la dawa za Ebola liliongozwa pamoja na Profesa Jean-Jacques Muyembe, Mkongo aliyekuwa Yambuku mwaka 1976 ugonjwa huu ulipojitokeza mara ya kwanza. Dawa moja kati ya zile nne, ile ya mAb114, ilitokana na damu ya Mkongo aliyepona Ebola Kikwit mwaka 1995. Agosti 2019, hesabu za katikati zilipoonyesha kwamba dawa mbili zinaokoa kuliko nyingine, jaribio lilisimamishwa palepale, na wagonjwa waliofuata wakapewa hizo mbili tu. Kusimama huko nako ni maadili. Kuendelea kungefanya takwimu ziwe nzuri zaidi na makaburi yawe mengi zaidi.

Ridhaa ilikuwa kamili? Hapo sina uhakika wa kutosha kuwabishia wenye mashaka. Mtu ana homa kali, anaongea na sura iliyofunikwa plastiki na miwani, ameona jirani wa kitanda akitolewa kwenye mfuko. "Unakubali?" Nani angesema hapana? Hiyo ni njia panda ambayo hata karatasi nzuri kiasi gani haiiondoi: anayehitaji sana hana nguvu ya kukataa.

Na kuna kisa kingine cha wakati ule ambacho naona kinafundisha kuliko vyote. Chanjo ilipoanza kutolewa, wajawazito na wanaonyonyesha waliwekwa pembeni. Sababu ilikuwa njema: chanjo ilikuwa na kirusi hai kilichodhoofishwa, na hakuna aliyejua kitamfanyia nini mtoto tumboni. Usidhuru, ndiyo amri ya kwanza ya uganga. Lakini Ebola ikimpata mjamzito, mara nyingi mtoto haponi. Mama anayeishi nyumba moja na mgonjwa anaona majirani wanachanjwa mkono kwa mkono, yeye anaambiwa: wewe hapana, tunakulinda. Kumlinda dhidi ya hatari isiyojulikana kukawa ni kumwacha mbele ya hatari inayojulikana vizuri. Mwaka 2019 uamuzi ukabadilishwa, wakaruhusiwa. Hapa kila aliyekosea alikosea kwa nia nzuri, na ndiyo maana naiita njia panda. Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa moja: kwa miezi mingi akina mama wenyewe hawakuulizwa.

Vita vinapofika mlangoni

Mwishoni mwa Januari 2025 mji huu ulijaa majeruhi kuliko vitanda. Hospitali ya CBCA Ndosho ililaza watu kwenye mahema na chini. Siku kama hizo munganga hawezi kufuata utaratibu wa foleni. Anachambua: nani atakufa ndani ya saa moja asiposhikwa, nani anaweza kungoja, nani hata akishikwa hataishi. Huyo wa mwisho anapewa dawa ya maumivu na mkono wa kushika. Kwa ndugu yake aliyesimama pale, huo unaonekana ukatili mtupu. Munganga amehesabu kwamba saa mbili juu ya mmoja asiyeokoka zinaua wanne wanaookoka.

Ambacho hakimo kwenye hesabu hiyo ni sare ya jeshi. Mikataba ya Geneva ya 1949 inasema aliyejeruhiwa atunzwe, awe wa upande wowote, na nyongeza zake za 1977 zinakataza kumwadhibu mganga kwa sababu amemtibu adui wa fulani. Raia wengi hawalipendi jambo hili. "Yule aliyetupiga anatibiwa kitanda kimoja na mtoto wangu?" Ndiyo, mama. Siku munganga akianza kuchagua kwa sare, mwenye bunduki ndiye atakayeshika daftari la wodi.

Pale tusipopaswa kuhangaika

Sasa nirudi kwenye bariere, maana nina hasira nazo.

Binti ya shangazi yangu alijifungua kwa upasuaji katika hospitali moja ya mji huu ambayo sitaitaja. Jumatatu munganga akamwandikia ruhusa ya kutoka. Alitoka Ijumaa ya wiki ya pili, kwa sababu faktire haikuwa imelipwa yote. Siku zote hizo alilala na mtoto kwenye godoro la korido, mlinzi akimhesabu asubuhi na jioni, na cha kuchekesha, kama ni cha kuchekesha, kila siku aliyozuiwa iliongezwa kwenye faktire hiyohiyo. Tulichanga kanisani, tukachanga kazini, benki zilikuwa zimefungwa, dola zenyewe zilikuwa za kutafuta kwa tochi.

Nilipomuuliza mkubwa mmoja wa pale akaniambia kwa upole, "Elewa, hii ni dilema kwetu pia." Hapana. Kifungu cha 17 cha Katiba kinasema mtu hazuiliwi ila kwa mujibu wa sheria. Deni ni deni. Linadaiwa kwa njia za madeni. Mama mchanga si rehani kama redio.

Nakubali upande wake una maumivu. Hospitali nyingi hapa zinanunua glavu, mafuta ya jenereta na hata mshahara wa mfanyakazi kutokana na faktire hizo. Serikali ikichelewesha prime, yaani posho ya wafanyakazi, mgonjwa ndiye anayekuwa serikali. Mkurugenzi anayeachilia wote wasiolipa atafunga mlango baada ya miezi michache. Hiyo ni shida kubwa ya fedha, na inataka mituele za afya, yaani mifuko ya kuchangiana matibabu, ruzuku, mpango wa kulipa kidogo kidogo. Ila kuiita mtihani wa maadili ni kuipa heshima isiyo yake. Munganga anayejua jambo la haki na kuzuiwa na sanduku la pesa yuko kwenye bariere, na anayesimamisha bariere ni mtu mwingine, mara nyingi mtu ambaye hajawahi kushika stethoskopu.

Bariere nyingine ni hii ya aliyebakwa kuambiwa aanze polisi kuleta karatasi ndipo atibiwe. Ifutwe vichwani. Dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi lazima ianze ndani ya masaa 72, na kila saa inayopotea inaipunguzia nguvu. Ya kuzuia mimba, ndani ya siku tano. Matibabu kwanza. Hospitali ya Panzi, kule Bukavu, ambako Dokta Denis Mukwege alianzia kazi iliyompa Nobeli ya Amani mwaka 2018, na ile ya HEAL Africa hapa Goma, hawamwombi mtu karatasi ya polisi ndipo wamshike. Cheti cha munganga kitaandikwa, na kwenda mahakamani au kutokwenda ni uamuzi wa mwanamke mwenyewe.

Lakini akija miezi miwili baadaye na mimba ya ubakaji, hapo munganga amefika njia panda halisi. Sheria ya jinai, kifungu cha 165 na 166, inaadhibu utoaji mimba. Mkataba wa Maputo wa haki za wanawake Afrika, ambao Kongo iliuridhia na kuuchapisha katika gazeti rasmi la serikali Machi 2018, unauruhusu mtu akibakwa, akipata mimba ya ndugu wa damu, au afya na uhai wake ukiwa hatarini. Na mkataba ulioridhiwa na kuchapishwa, kwa Katiba yetu, una nguvu kupita sheria ya kawaida. Bado kuna waganga wasiojua, na wapo wanaojua ila dhamiri yao au dini yao inakataa. Dhamiri ya munganga nayo ni haki. Mpaka wake ni huu: anaweza kusema "mimi sifanyi", hawezi kusema "hakuna anayefanya". Ampeleke kwa mwenzake, siku hiyohiyo.

Kuambiwa ukweli

Nimeacha hili mwisho kwa sababu ndilo lililonikuta mwenyewe, na nilikuwa upande usiofaa.

Baba mkubwa wangu alipata kansa ya kibofu. Majibu yalipotoka tulimvizia munganga koridoni, watoto na wapwa, watu sita. Tukamwomba: usimwambie mzee, atakata tamaa, atakufa kabla ya wakati. Tulikuwa tumeshapanga kumwambia ni vidonda tu. Sikuona tunamnyang'anya kitu. Niliona tunamfunika blanketi.

Munganga alitusikiliza hadi mwisho, ambalo ni jambo la kumshukuru. Hakutupa hotuba ya haki za binadamu. Akasema tu, "Sijakataa. Ila sijui kama mzee anataka kujua au hataki, na ninyi pia hamjui. Niruhusuni nimuulize." Kuna watu, akatueleza, ambao kweli hawataki kujua, na hiyo nayo ni haki yao, mtu anaweza kusema mwambie mwanangu, mimi niache na Mungu wangu. Lakini haki hiyo anaitoa mwenyewe. Haichukuliwi koridoni.

Tukaingia naye. Mzee alikuwa amekaa kitandani, anamenya chungwa.

"Papa," munganga akamwambia, "majibu ikifika, unataka nianze kuambia nani?"

Mzee akatuangalia mmoja mmoja, sisi sita, tumesimama kama watoto walioiba sukari. Akaweka kisu chini.

"Anza na miye. Ba batoto nitabaambia miye mwenyewe, balie kiisha." Kisha akatuonyesha mlango kwa chungwa.